Herufi Moja Iliyomwokoa Mnyama wa Lindi

Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, vibarua wa Lindi walichimba mifupa ya dinosaria kilimani Tendaguru chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Huko, mwaka 1915, Edwin Hennig alimpa mmoja wa wanyama hao, mwenye miiba mirefu mgongoni na mkiani, jina la Kentrosaurus. Ni Kigiriki: kentron ni ncha ichomayo, sauros ni mjusi.

Kumbe tangu 1904 Lawrence Lambe wa Kanada alikwishamwita dinosaria mwingine Centrosaurus, kwa asili ileile. Mwaka 1916 Hennig akabadili jina lake liwe Kentrurosaurus, na mwaka huohuo Franz Nopcsa akaleta la kwake, Doryphorosaurus. Yote mawili hayakuhitajika. Kwa kanuni za majina ya wanyama, tofauti ya herufi moja inatosha kutenganisha jenasi mbili.

Katika matamshi, Mwingereza hapati shida: mmoja humwita Sentrosorasi, mwingine Kentrosorasi. Mrumi wa kale, ambaye C yake ilikuwa K kila mahali, angesikia jina moja tu. C ililainika mbele ya E na I karne nyingi baadaye, na Kiingereza kikaipokea S hiyo kutoka Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ushahidi tunao ndani ya Biblia zetu: sisi tunasoma Kaisari, Waingereza husema Siza.

Silabi za Kentrosaurus ni nne: Ken-tro-sau-rus. Kwa kanuni ya Kilatini, silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa nzito ndiyo hubeba mkazo, na hapa ni sau. Mkazo wetu wa Kiswahili huangukia papo hapo, mradi tusiikate AU vipande viwili kama katika sahau. Diplodocus, jina la dinosaria mwingine alilolitoa Othniel Marsh mwaka 1878, lina O fupi katika silabi hiyo ya pili kutoka mwisho, hivyo mkazo wake wa asili unarudi nyuma: di-PLO-do-kus. Hata hivyo, wasemaji wengi wa Kiingereza huupeleka kwenye do.

Kwa hiyo, mwalimu, mwanafunzi wako akisoma Ken-tro-SAU-rus kwa K kavu na AU kamili, usimsahihishe. Mwambie pia ni kina nani walioibeba mifupa hiyo hadi Lindi.