Kutoka Wabenzi hadi Namba E

Neno "Wabenzi" liliundwa kwa kiambishi cha watu, kama Wahehe au Wanyakyusa, na kejeli yake imo humo humo: kabila lisilo na kijiji wala watani, linalotambulikana kwa gari tu. Lilienea Tanzania na Kenya baada ya uhuru, wakati Mercedes-Benz ikipita mtu hakuhitaji kuuliza kama aliyemo ni mkubwa.

Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipiga marufuku magari ya kifahari. Halikufanya hivyo. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba, kupokea mishahara miwili na kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Gari lilisalimika kwa sababu halikuwa mali yake. Lilikuwa la serikali au la shirika la umma. Tofauti hii si ndogo. Anasa ya barabarani ilitolewa na cheo, na ikaondoka pamoja na cheo. Mwenye fedha asiye na cheo hakuwa na pa kwenda: fedha za kigeni zilikuwa adimu na zilitolewa kwa kibali, na shida ya mafuta ilifikia hatua ya magari binafsi kuzuiwa kutembea Jumapili mchana.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984. Watu humpa sifa, au lawama, Mzee Ruksa, yaani Ali Hassan Mwinyi. Lakini bajeti iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi ilisomwa Mwalimu Nyerere angali Ikulu. Pikapu zilitangulia, fahari ikafuata. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza miiko yenyewe. Tangu hapo kiongozi na mfanyabiashara wameweza kukutana kwenye yadi moja, wakilikagua gari moja. Serikali nayo ilishuka kwenye Benzi ikapanda mashangingi.

Yadi hizo zililishwa na Japani. Huko huendesha upande wa kushoto kama sisi, na gari binafsi hupitia ukaguzi wa lazima ulio ghali, wa kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Wengi huona nafuu kuliuza likiwa bado zima. Likishuka bandarini kwetu hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na tozo nyinginezo, ikiwamo ya uchakavu kwa lililozeeka. Kisha hupewa namba mpya. Hapo ndipo historia yake inapofutwa, kwa maana herufi za namba zetu hueleza gari lilisajiliwa lini hapa, wala si lilitengenezwa lini.

Mwaka jana nilimsindikiza mwalimu mwenzangu kijana kwenye yadi moja ya Dar es Salaam. Alivutiwa na Benzi nyeupe. "Mzee wangu, hii ni namba E, mpya kabisa," muuzaji alinihakikishia. Nilivuta mkanda wa kiti hadi mwisho, mahali penye kitambulisho cha kiwanda: 2009. Niliomba hati ya kusafirishia gari kutoka Japani, inayoonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Ikawa "iko ofisini kwa bosi".

Nilimwuliza mwenzangu kwa nini asichukue gari dogo lisilo na deni. "Mwalimu," akasema, "nikifika wizarani na bodaboda, mlinzi ananiuliza nimemfuata nani. Nikifika na hii, anafungua geti."

Sikuwa na jibu la kumpa. Hati ilipatikana siku ya tatu, mwaka ukawa ule ule wa mkanda, na bei ikapungua kidogo. Alilichukua kwa mkopo wa miaka 6, unaokatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia.