Mistari Nyeupe, Udongo Mwekundu

Wasee, hii vita ya mistari nyeupe kati ya taili haikuanza na bafu zetu za Ronge. Lamu na Gedi walichoma matumbawe, wakapata chokaa, wakapaka kuta hadi zikang'aa. Zikichafuka? Wanapaka tena.

Kisha 1824 Joseph Aspdin wa Uingereza akasajili simiti ya Portland, na 1954 kiwanda cha Bamburi kikaanza kuitengeneza hapa Pwani. Ile nyeupe fundi anajaza kwa taili ni ndugu yake. Ina vitundu vidogo, inanyonya maji, na maji ya miguu yetu yamebeba udongo. Udongo wa huku ni mwekundu sababu ya chuma, ule ule unapaka ndovu wa Tsavo rangi.

Sasa mtu anamwaga asidi ya choo. Asidi inakula simiti vile inakula chokaa: leo inang'aa, baadaye inashika uchafu zaidi. Ukiongeza Jik hapo juu inatoka gesi ya klorini, ile Wajerumani walitumia vitani Ypres 1915. Na wewe umefunga dirisha!

Magadi soda, maji kidogo, mswaki wa zamani, suuza, kausha. Ikikataa, ikwanguliwe ijazwe upya.