Wimbo wa Wageni, Utungo wa Wenyeji: Gita la Umeme katika Pwani ya Kilifi

Makala haya yanahusu swali ambalo wahakiki wetu wamelikwepa kwa muda mrefu: kwa nini nyimbo za bendi za magita, zilizobezwa tangu mwanzo kuwa burudani ya kupita, zimedumu kuliko diwani nyingi tunazozifundisha? Muziki wa roki, uliozuka Marekani katika miaka ya 1950, ulitabiriwa kufa mapema. U hai hadi leo, na mwaka 2016 Bob Dylan alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Katika idara zetu mjadala huo umebaki mlangoni. Wimbo ukiimbwa kwa kayamba huitwa fasihi simulizi. Ukipigwa kwa gita la umeme, huachiwa hoteli.

Mfano wetu ni "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms. Kundi hilo lilianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, likachukua jina lake jipya mwaka 1972. Kiini chake kilikuwa ndugu wa familia ya Harrison, watu wa Kaloleni, na mtunzi wa wimbo ni mmoja wao, Teddy Kalanda Harrison. Vijana hawa walipiga mitindo iliyopendwa na watalii katika hoteli za pwani, kisha wakaichanganya na regge na chakacha. Wimbo ulitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M, kundi la Ujerumani Magharibi, likautoa upya.

Huo haukuwa mara ya kwanza kwa pwani hiyo kupeleka neno la Kiswahili mbali. Kaskazini mwa Malindi kiko kijiji cha wavuvi cha Ngomeni. (Wasiojua hudhani jina linatokana na ngoma, lakini sarufi inakataa: hilo lingekuwa Ngomani. Asili ni ngome.) Katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Waliiita Uhuru. Neno lilikuwa letu, chombo kilikuwa chao. "Jambo Bwana" una tofauti moja kubwa: chombo kiliundwa nje, lakini waliokishika mikononi walikuwa wenyeji.

Nguvu ya wimbo huo, kwa maoni yangu, imo katika maamkuzi. Kuamkiana kwa Waswahili ni mnyororo wa maswali na majibu: mtu huulizwa hali yake, watu wa nyumbani na safari, naye hawezi kunyamaza bila kuonekana hana adabu. Mtunzi ameutwaa mnyororo huo akaufupisha hadi pingu chache ambazo mgeni aliyeshuka ndegeni asubuhi anaweza kuziitikia jioni. Hadhira inageuzwa kuwa mshiriki, kama mtambaji wa ngano anavyowadai wasikilizaji kiitikio kabla hajaendelea. Gita nalo linarudia mkato mmoja bila kuchoka, jambo linalojulikana sana katika roki, na marudio hayo ndiyo yanayomshikia msikilizaji zamu yake. Anayeusoma wimbo huu kwenye karatasi ataona ukavu mtupu. Nusu ya utungo imo kinywani mwa mgeni.

Wapo wanaoudharau kuwa ni wimbo wa utumwa, hasa kwa sababu ya neno "bwana". Hapo wanaharakisha, kwani pwani wavuvi wawili wa rika moja huitana bwana mchana kutwa. Lawama yenye uzito ni nyingine: nafsineni hana jina, hana kijiji wala kazi. Anamkaribisha mgeni bila kuulizwa yeye hali yake, na hivyo mnyororo wa maamkuzi, ambao kwa desturi huenda na kurudi, unakwenda upande mmoja tu.

Ukimya huo ndio uliourahisishia wimbo kusafiri. Kwa kuwa mwenyeji hakujitaja, yeyote aliweza kuvaa nafasi yake. Boney M waliongeza "Hakuna Matata" katika jina la wimbo, msemo ambao mzee wa Kimvita, aliyezoea "hapana neno", huusikia kama lugha ya kuwasemea wageni. Mwaka 1994 kampuni ya Disney, ilipotoa filamu yake ya The Lion King, iliomba kuusajili msemo huohuo Marekani kama alama ya biashara ya mavazi. Usajili ulikubaliwa mwaka 2003. Malalamiko makubwa ya Waafrika yalisikika mwaka 2018 tu.