Madarasa ya Dodoma: Kupunguza joto na baridi kwa gharama nafuu

MJI wa Dodoma, ulioteuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi, upo katika nyanda kame za kati, takriban meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hali yake ya hewa humpa mjenzi wa shule kazi mbili kwa pamoja. Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30 za Sentigredi. Juni na Julai, asubuhi hushuka hadi nyuzi 13 au 14, huku upepo ukipeperusha vumbi.

Bati lisilo na dari chini yake hupata moto upesi jua linapopanda, na joto lake huwashukia wanafunzi. Usiku hupoa upesi vilevile, hivyo vipindi vya kwanza vya Julai huanza kwa baridi. Aidha, mtoto aliyeketi hutoa joto la takriban wati 70. Watoto 45, ambayo ndiyo idadi inayokubalika kwa darasa la shule ya msingi, hutoa zaidi ya wati 3,000, sawa na pasi tatu za umeme.

Kiyoyozi si jibu kwa shule yenye fungu dogo. Kimoja cha wati 1,000 hutumia umeme unaotosha mapangaboi 13 ya wati 75. Nafuu hutafutwa katika jengo lenyewe.

Funzo la tembe

Wagogo walilijua hilo zamani. Tembe lao lina paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo mzito. Udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, hivyo ndani huwa na ubaridi mchana na uvuguvugu usiku. Hata hivyo, paa hilo huvuja katika mvua kubwa na hudai matengenezo ya mara kwa mara. Kinachofaa kuchukuliwa ni kanuni yake: kuta nzito, na kizuizi kati ya jua na watu.

Mambo ya kuzingatia

Mwelekeo: Dodoma ipo nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo jua kali la asubuhi na alasiri hupiga pande za mashariki na magharibi. Kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Kuta fupi za mashariki na magharibi zisiwe na madirisha.

Kivuli: paa lichomoze nje ya ukuta, au pawe na baraza.

Hewa: madirisha yatazamane ili upepo upite, lakini yafungike vizuri wakati wa vumbi na baridi. Matundu yenye wavu chini ya kenchi huitoa hewa moto iliyojikusanya chini ya dari.

Paa: rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu kubwa ya miale. Dari huzuia joto linalobaki, na hupunguza kishindo cha mvua kinachomeza sauti ya mwalimu.

Miti: mwarobaini huvumilia ukame. Ukipandwa mashariki na magharibi mwa jengo na kumwagiliwa katika viangazi vya mwanzo, hutoa kivuli kwa miaka mingi.

Gharama

Mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliohusu UVIKO-19, kujenga madarasa 15,000 kwa Sh milioni 20 kila moja. Katika fungu la kiwango hicho, dari na baraza hushindana na madawati. Mwelekeo wa jengo haushindani na kitu: ukiamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa haugharimu hata shilingi moja, bali ukikosewa hausahihishiki.

Kwa madarasa yaliyokwisha kujengwa, kamati ya shule yenye fedha kidogo inaweza kuanza na miti na rangi ya paa, kisha ikaweka dari chumba kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana.