Uvujaji wa gesi katika mzinga

Uvujaji wa gesi katika mzinga ni hali ya gesi ya baruti kupita kando ya kombora kabla halijatoka mtutuni. Husababishwa na nafasi iliyopo kati ya kombora na ukuta wa mtutu.

Mizinga ya zamani, iliyojazwa kupitia mdomo, haikuweza kukosa nafasi hiyo: matufe ya chuma hayakulingana sawasawa na masizi ya baruti yaliganda ndani ya mtutu. Gesi iliyovuja haikusukuma tufe, hivyo kasi yake ilipungua. Tufe pia liligonga huku na huku mtutuni na kutoka likiwa limepotoka. Mwishoni mwa karne ya 18 kiwanda cha Carron nchini Uskoti kilitengeneza karonadi, mzinga wa meli wenye nafasi ndogo zaidi, uliohitaji baruti kidogo.

Gesi hiyo, yenye joto na shinikizo kubwa, huchimba pia chuma cha mtutu. Kuanzia mwaka 1878 Waingereza walifunga kisahani cha shaba kwenye kitako cha makombora ya mizinga yao mikubwa ili kuizuia.

Kombora la kisasa huvikwa mkanda, mara nyingi wa shaba, unaobanwa na mifuo ya mtutu. Mkanda huo huziba gesi na kulizungusha kombora. Mtutu ukichakaa, mkanda hauzibi vema. Gesi huvuja zaidi na uchakavu huongezeka. Kwa hiyo wapiga mizinga hupima kasi ya makombora na kurekebisha shabaha, hadi mtutu ubadilishwe.