Nani Aliwalisha Wapiganaji wa Bujumbura?

Mpiganaji wa Palipehutu-FNL, kundi la waasi Wahutu wa Burundi, aliyejificha katika msitu wa Tenga aliweza kufika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura kwa miguu, na kabla ya alfajiri akawa amesharudi. Upande wa magharibi, mabwawa ya Rukoko yaliwaficha wengine hadi mpaka wa Kongo. Askari wa serikali aliyelinda mji huo hakwenda mbali kumtafuta adui.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi, vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993, vinakadiriwa kuua watu 300,000. Vitabu vinasimulia mapinduzi ya kijeshi ya Buyoya na mazungumzo ya amani ya Arusha. Kwa askari wa kawaida, swali la kila siku lilikuwa sufuria: leo tunakula nini, na nani atakipika?

Jeshi la serikali, ambalo Watutsi walikuwa wengi, lilikuwa na mshahara, sare na kambi. Hata hivyo, kwenye vituo vya milimani, kuchota maji, kutafuta kuni na kubeba mizigo vilikuwa kazi za watoto walioitwa doria. Ujira wao ulikuwa chakula tu, na wengine waliishia kutangulizwa mbele ya askari.

Waasi hawakuwa na mshahara. Walikula kwa mchango, pesa au chakula, uliotozwa kaya za Bujumbura Vijijini. Mkulima aliyetoa alikuwa mshirika wa waasi machoni pa jeshi. Aliyekataa alikuwa msaliti machoni pa waasi. Septemba 1999 serikali iliamua kuikata njia hiyo ya chakula: zaidi ya watu 300,000 waliondolewa vilimani na kusongamanishwa kambini, mashamba yakabaki nyuma. Nelson Mandela, aliyekuwa msuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, alizikemea kambi hizo waziwazi, na mwaka 2000 zikaanza kufungwa.

Wanaopenda kueleza vita hivi kwa kabila peke yake wanasahau walinzi wa amani, vijana waliopewa bunduki na serikali bila mshahara. Karibu na Bujumbura wengi wao walikuwa Wahutu, na walitumwa kupigana na waasi Wahutu. Kijana asiyelipwa mwenye bunduki hula kwa jirani. Malalamiko ya uporaji hayakukawia.

Julai 2003 FNL waliushambulia mji kutokea kusini, hadi Musaga na Kinindo. Wakazi waliona watoto katika safu zao, wakiimba nyimbo za dini, baadhi wakibeba vitu vilivyoporwa.

Novemba mwaka huohuo CNDD-FDD, kundi kubwa kuliko yote ya waasi, lilitia saini mkataba Dar es Salaam, na wapiganaji wake wakaingia jeshi jipya pamoja na askari waliokuwa wakiwawinda. Walioachishwa uaskari walipewa posho isiyopungua mishahara ya miezi 18. Walinzi wa amani, na wenzao waliowasaidia waasi bila cheo, walipata faranga 100,000 kila mmoja, mara moja tu.

Desemba 2007 kikosi cha kwanza cha jeshi hilo jipya la Burundi kilitua Mogadishu kulinda amani ya Somalia. Miezi minne baadaye, Aprili 2008, makombora ya FNL yalikuwa yakiangukia Bujumbura, na mwaka mzima ulipita kabla kundi hilo halijaweka silaha chini.