GNX: motokari 547 na bei ya kilometa ambazo hazikutembewa

Tangu Novemba 2024, mwanamuziki Kendrick Lamar alipotoa albamu yenye jina GNX, vijana wanaofuata rap wamekuwa wakiuliza herufi hizo tatu zinataka kusema nini. Ni jina la motokari. Motokari nyeusi ya Kimarekani, iliyotengenezwa mwaka 1987 tu, mwaka ule ule aliozaliwa Lamar. Zilitoka 547, hazikuongezwa tena. Na ndani ya hizo 547 kuna ambazo mpaka leo hazijatembea hata kilometa mia mbili. Historia yake inatusaidia kuelewa biashara moja ambayo kwetu inaonekana kama kichaa: mtu kununua motokari yenye mbio kuliko nyingine, kuifungia ndani, na kungoja miaka arobaini ili aiuze.

Kwetu, bei ya motokari inatokana na kazi yake. Toyota iliyotembea kilometa 300,000 inaendelea kubeba watu na mizigo. Mnunuzi anatazama moteri, shasi na karatasi. Kompteri anaitazama huku anacheka, maana kila mtu anajua inaweza kurudishwa nyuma. Kwa wakusanyaji wa Marekani ni kinyume: ile namba ndogo kwenye kompteri ndiyo inayouzwa. Lakini hata kule namba hiyo peke yake imewapoteza watu wengi, na si wakati wote kwa sababu ya wezi.

Tuanze na motokari yenyewe. Buick, tawi la General Motors lililokulia mji wa Flint katika jimbo la Michigan, ilijulikana kama motokari ya wazee: daktari, mkubwa wa benki, babu aliyestaafu. Motokari ya mbio ndani ya kampuni hiyo ilikuwa Corvette ya Chevrolet. Mwaka 1981 na 1982, Buick ikachukua ubingwa wa watengenezaji katika mashindano ya NASCAR, yaliyoitwa wakati ule Winston Cup Grand National. Jina la Grand National likatoka hapo, likabandikwa mwaka 1982 kwenye Buick Regal 215. Mwaka 1984 likarudi, safari hii kwa rangi moja tu, nyeusi, na moteri ya lita 3.8 yenye silinda sita na turbo. Mwaka 1986 wahandisi wakaongeza kifaa cha kupoza hewa kabla haijaingia ndani ya moteri. Nguvu ikafika farasi 235, na mwaka 1987 ikawa 245. Corvette ya mwaka huo ilikuwa na 240. Babu alikuwa amempita kijana.

Lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kukatwa: Regal ya 1988 itavutwa na magurudumu ya mbele, na turbo ile haitakuwamo. Kwa kuaga, Buick ikatoa Grand National 547 na kuzifanyia kazi upya pamoja na kampuni mbili za nje, ASC na McLaren. Zikafungwa turbo nyingine ya Garrett yenye mapanga ya kauri, kifaa kikubwa zaidi cha kupoza hewa, mfumo mwingine wa kushikilia ekseli ya nyuma, magurudumu ya inchi 16, na mabawa yaliyopanuliwa ili magurudumu hayo yaingie. Kwenye dashibodi kila moja ikapewa kibao chenye namba yake. Kampuni iliandika nguvu za farasi 276, lakini waliopima waliona zaidi. Kutoka kusimama mpaka karibu kilometa 97 kwa saa ilihitaji chini ya sekunde 5, na mwaka 1987 ni motokari chache sana duniani zilizoweza hivyo. Bei yake ilipita dola 29,000, zaidi ya dola 10,000 juu ya Grand National ya kawaida, na wauzaji wengi waliongeza chao juu yake.

Waliozinunua hawakuwa vipofu. Walijua ni chache, walijua ni za mwisho. Wengi wakazifunika siku ile ile. Hapo ndipo swali la thamani linapoanza, kwa sababu miaka tisa nyuma Wamarekani wengine walikuwa wamefanya hesabu hiyo hiyo, na hesabu ikawakatalia.

Mwaka 1978 Corvette ilitimiza miaka 25, na ilichaguliwa kuongoza motokari za mashindano ya Indianapolis 500 kabla ya kuanza. Chevrolet ikatengeneza toleo la ukumbusho, nyeusi juu na fedha chini. Kwanza lilifikiriwa toleo dogo. Halafu ikaamuliwa kwamba kila muuzaji wa Chevrolet apate yake, na wauzaji walikuwa maelfu. Zikatoka 6,502. Bei ya kiwanda ilikuwa dola 13,653, lakini gazeti la Wall Street Journal lilipoandika kwamba watu wanazigombea kama akiba, mambo yakachafuka: wengine walilipa mara mbili. Walitoa pesa za benki, wakafunga motokari ndani ya garaje na plastiki kwenye viti, wakingoja siku ya kulipia watoto masomo au siku ya kustaafu.

Siku hiyo haikufika. Leo Corvette za 1978 za namna hiyo, zenye kilometa chache kabisa, mara nyingi zinauzwa kati ya dola 20,000 na 40,000. Ukizingatia kupanda kwa bei za vitu vyote Marekani, dola 13,653 za 1978 ni zaidi ya dola 60,000 za leo. Maana yake, hata aliyelipa bei halali ya kiwanda, akaitunza kama yai, amepoteza. Aliyelipa mara mbili, tusimseme.

Kilichowaangusha ni kwamba wote walifikiri jambo moja kwa wakati mmoja. Motokari ya zamani isiyotembea inakuwa adimu kwa sababu zile nyingine ziligongwa, zilioza, zilichakaa kwa kazi. Pale ambapo kila mwenye nayo anaifungia, hakuna inayokufa, na siku wakianza kuuza wanakuta jirani naye anauza. Halafu kuna jambo la moteri. Chini ya ile rangi, Corvette ya ukumbusho ilikuwa na moteri zile zile za Corvette nyingine 40,000 za mwaka huo. Walinunua rangi. Hata michoro ya maneno ya Indianapolis ilikuja ikiwa imewekwa ndani ya motokari, mteja ajiamulie kuibandika au kuiacha, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu kwa mjanja kupaka Corvette ya kawaida. Kinachotenganisha ya kweli na ya bandia ni namba ya shasi: tarakimu sita za mwisho za zile za kweli zinaanza na 9.

Cadillac nayo ilikuwa na kisa chake. Eldorado ya 1976, ile ya paa la kukunja, ilitangazwa kuwa ya mwisho ya aina hiyo kutoka Marekani. Zilitoka 14,000 na watu wakazificha. Mwaka 1984 Cadillac ikaleta tena Eldorado ya paa la kukunja, na walionunua ile ya «mwisho» wakaenda mahakamani. Neno la mwisho, likitoka kinywani mwa muuzaji, mimi ningelipunguzia nusu ya uzito wake.

Ukiweka GNX pembeni ya hizo mbili, unaona kwa nini yenyewe ilipanda. Ni 547, si elfu sita wala elfu kumi na nne. Tofauti yake iko ndani ya moteri na ekseli, mahali ambapo fundi anaweza kuigusa. Na mwisho wake ulikuwa wa kweli: Buick haikurudia tena motokari ya namna ile. Grand National ya kawaida ya 1987, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 20,000, imepanda pia, lakini kwa hatua ndogo zaidi, ingawa mtu aliyesimama barabarani hataona tofauti kubwa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1969, kwa sababu pale hakuna aliyekuwa anakusanya kitu. Fred Gibb, muuzaji wa Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, Illinois, alitaka Camaro kwa mashindano ya mwendo mfupi wa moja kwa moja. Masharti ya mashindano yalidai zitengenezwe angalau 50. Akaagiza 50, zenye moteri ya aluminiamu iliyoitwa ZL1. Zilipofika na bei yake, zaidi ya dola 7,200 kwa kila moja, alishtuka: moteri peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000. Nyingi zilimshinda kuuza, zikarudishwa kiwandani na kugawiwa kwa wauzaji wengine. Zote pamoja zilikuwa 69. Baadhi zilikaa bila mnunuzi, nyingine ziling'olewa moteri, nyingine zikapondwa kwenye mashindano. Leo Camaro ZL1 ya kweli inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Ilikuwa adimu kwa sababu ilikataliwa, na zilizobaki ni chache kwa sababu nyingine zilitumiwa mpaka mwisho.

Sasa, ukisimama mbele ya motokari ambayo kompteri yake inasema maili 90, unajuaje kwamba ni kweli? Sheria ya Marekani ya 1972 inakataza kurudisha kompteri nyuma, na muuzaji anatakiwa kuandika namba hiyo kwenye karatasi za mauzo. Ila kwa motokari za umri wa GNX, wajibu huo wa kuandika uliisha motokari ilipofikisha miaka kumi. Yaani sheria iliacha kutazama wakati ule ule bei ilipoanza kuwa tamu. Tena kompteri nyingi za Kimarekani za zamani zilikuwa na tarakimu tano tu: zikipita maili 99,999 zinarudi sifuri zenyewe, bila mwizi.

Kwa hiyo mjuzi anaacha kompteri na kutazama pedali. Mpira wa pedali ya breki haudanganyi kirahisi. Maili 20,000 za mguu zinaonekana. Anatazama ukingo wa kiti upande wa mlango, pale mtu anapojisugua akiingia. Anainama kuona alama ndogo za mawe kwenye pua ya motokari na kwenye kioo cha mbele. Anafungua buti na kusoma ile karatasi ya kiwanda yenye alama za vifaa, ambapo Grand National inatakiwa kuwa na WE2, na kwenye namba ya shasi tarakimu ya nane inatakiwa kuwa 7, ishara ya moteri ya turbo. Anaomba bili za muuzaji wa kwanza, karatasi ya bei iliyokuwa kwenye kioo, risiti za fundi zenye tarehe na maili. Motokari ya maili 90 yenye bahasha tupu ni hadithi tu. Ya maili 9,000 yenye risiti zote tangu 1987, mimi ningeichukua hiyo kwanza.

Na faida yenyewe? GNX iliyotembea kiasi na kutunzwa vizuri inapita dola 100,000. Zile ambazo karibu hazikutembea zimepita 200,000 mnadani. Inasikika kama utajiri. Lakini dola 29,000 za 1987 ni kama dola 80,000 za leo. Na soko la hisa la New York, lililoanguka vibaya Oktoba ya mwaka ule ule, kwa kipimo cha S&P 500 lilipanda zaidi ya mara 20 kati ya mwisho wa 1987 na mwisho wa 2024. Aliyenunua hisa kwa pesa hizo wakati watu wanakimbia angekuwa na zaidi ya dola 500,000, bila kulipa garaje wala bima. Mwenye GNX ya maili 90 alishindwa na mtu aliyeweka karatasi kwenye droo, na mbio zenyewe hakuzionja.

Kufungia nako si kutunza. Petroli iliyokaa inakuwa gundi, mafuta ya breki yanavuta maji, mipira ya kuziba mafuta inakauka na kupasuka, panya wanakula nyaya. Septemba 2013, katika mji wa Pierce, Nebraska, ziliuzwa mnadani motokari karibu 500 za Ray na Mildred Lambrecht, waliokuwa wauzaji wa Chevrolet kwa miaka 50. Kadhaa zilikuwa mpya ambazo hazikuwahi kupata mteja. Pikapu ya Chevrolet Cameo ya 1958, iliyotembea kilometa kama 2 tu, ilichukuliwa kwa dola 140,000. Nyingine nyingi zilikuwa zimelala shambani miaka na miaka, miti imeota katikati yake, kutu imekula sakafu.

Ndiyo maana wenye GNX wanaotaka kuendesha kidogo na kubakiza thamani wana desturi yao kuhusu matairi. Kabla ya mwaka 2000, tarakimu tatu za mwisho ubavuni mwa tairi la Marekani zilionyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mwaka ukiandikwa kwa tarakimu moja. Wanavua yale Goodyear ya kiwanda, wanayafunika na kuyaweka pembeni, wanafunga mapya ya kutembelea. Siku ya kuuza, yale manne ya zamani yanaletwa pamoja na motokari, yamekauka, hayafai tena barabarani, na mnunuzi anapiga magoti kutafuta ile 7.